Nilimwandika Achukiwe

Nilimwandika achukiwe.
Nilimpa tumbo lililoshiba vya watu,
kalamu tatu mfuko wa shati, zote hazina wino,
nikamwita Nusukilo, maana mizani yake
haijafika kilo tangu aibebe.
Kipindi cha tatu nikamtuma Hombolo
kwa mjane mwenye ekari moja na robo ya mizabibu.
"Karatasi ya mbolea ya ruzuku," akamwambia.
Akatoa leso, akamfuta mama yule kidole gumba
taratibu, kama daktari,
akakichovya kwenye wino, akakigandamiza:
"Kidole safi, mama, roho safi."

Nilidhani watu watanyamaza.

Asubuhi Nkuhungu, kwenye banda la chapati,
vijana wanaulizana, "Umemwona mwamba jana?"
Mwamba!
Kinyozi wa Chang'ombe kamchora ukutani
kati ya simba na mchezaji mpira.
Pikipiki zimembandika kwenye madigadi.
Na pale Majengo, muuza nyanya alinipunja nikimwona,
nikamkazia macho, akanikonyeza:
"Roho safi, kaka."
Nikacheka. Ndiyo, nilicheka,
mia tano yangu ikaondoka na kicheko changu
kama watu wanaofahamiana.

Sasa niseme lililobaki.
Mizabibu ile ilikuwepo. Kidole kile kina mwenyewe,
shangazi yangu Damari.
Leso ilikuwa ya baba mdogo Medadi,
mdogo wake, ziwa moja,
aliyeimba besi kwenye kwaya
na kuuza shamba la dada yake wiki mbili kabla ya mavuno.
Ulikuwa usiku. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Mimi ndiye niliyewashikia tochi.

Basi nikaenda Kizota kumtazama Shangazi akitazama.
Runinga ya chogo, rangi imeegemea kijani,
sahani ya ugali na mlenda magotini.
Ilipofika leso, niliinamia sakafu.
Yeye alicheka.
Alicheka hadi mlenda ukampalia,
hadi nikampigapiga mgongoni
nikizihesabu pingili bila kutaka.
"Shangazi, huyu si wa kuchekewa. Huyu unamjua."
Akafuta macho kwa pindo la khanga.
"Namjua. Tena huyu wako ana nafuu.
Huyu angalau ananichekesha.
Yule alichukua shamba, halafu
akanuna yeye."

Na Medadi? Kanunua king'amuzi.
Huko Ipagala hupanga viti vya plastiki, huita majirani,
na leso ikitoka hujipiga kifua:
"Hapo ni mimi! Mtoto wa kaka kanichukua mimi, kama nilivyo!"
Wanampigia makofi. Wanamletea soda.
Mwezi uliopita wamemchagua mtunza hazina.

Msimu wa pili wanautaka upesi.
"Nusukilo ongeza," wameniandikia, "mjane punguza."
Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango,
nami nimeinamia daftari nikimtafutia mjane neno,
neno moja tu la kumrudishia,
lenye makali, lenye chumvi,
la kubandikwa kwenye madigadi.
Jogoo wa jirani akawika, sina.
Nikapekua kurasa za nyuma, nikauona wizi wangu:
kila sentensi tamu niliyojaliwa
nilishampa yeye.
Mjane nimemwachia "Asante, baba,"
na kidole.

Saa mbili watakuja kuchukua kurasa kumi.
Naandika ya kwanza. Mlango unagongwa kwa adabu.
Nusukilo anaingia, ana leso mpya, imepigwa pasi.
Bado hajafungua kinywa
na mabega yangu yameshaanza kutikisika.